Musa Aliyetaka Atangazwe Mpagani



Ukikaa na Wakristo wa kwetu huku ughaibuni baada ya ibada, chai imekwisha kumiminwa na watoto wanakimbizana ukumbini, utasikia mengi. Utasikia habari za zamu za usiku, za karatasi za uhamiaji, za msiba wa nyumbani na mchango unaosubiriwa. Kuna jambo moja ambalo halisemwi kwa urahisi. Ni habari ya mtu anayekuja kila Jumapili, anaimba, anatoa sadaka, pengine hata anaongoza kwaya, lakini moyoni ni mkavu. Anaomba na haoni kama kuna anayemsikia. Anakumbuka siku ambazo wimbo mmoja tu ulimtoa machozi, na sasa wimbo uleule unampita kama taarifa ya hali ya hewa. Anamtamani Mungu, na hamwoni.

Mimi si mchungaji na sina dawa ya hali hiyo. Ninachopenda ni kupekua vitabu vya zamani. Na katika kupekua nimeona kwamba historia ya Kanisa huko kwetu, hasa ule Uamsho mkubwa ulioipa Afrika Mashariki neno "walokole", husimuliwa kuanzia pale mvua ilipoanza kunyesha. Kiangazi kilichotangulia hurukwa. Leo naomba tukae kidogo katika kiangazi.

Tuanzie Buganda, mwaka 1893. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa wamefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na miaka 16 iliyofuata ilikuwa na damu nyingi. Vijana wa ikulu walichomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa amri ya Mwanga. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana wenyewe kwa wenyewe pale Mengo, wakigombea nchi, na Waprotestanti wakashinda kwa msaada wa Kapteni Lugard. Basi kuwa Mkristo, jambo ambalo miaka michache nyuma lilimpeleka mtu kwenye kuni za Namugongo, sasa lilimpeleka kwenye uchifu na shamba. Makanisa yakajaa. Waumini waliitwa kwa Kiganda "abasomi", yaani wasomaji, kwa sababu dini na kitabu vilikuwa kitu kimoja.

Mmoja wa wasomaji hao aliitwa Musa Yakuganda. Mwishoni mwa mwaka 1893 aliwaendea wamisionari na ombi ambalo sijapata kulikuta mahali pengine popote: alitaka jina lake litangazwe kwamba amerudi katika upagani. Walipomwuliza sababu, alisema kwamba dini yao haimfaidii kitu. Wakadhani labda hakuelewa alichofundishwa. Akawajibu kwamba amekuwa akisoma kwa miaka 7, angekosaje kuelewa? Ameelewa vizuri, na haimfai, basi amemalizana nayo.

Hebu mtazameni huyu Musa. Hakuwa na ugomvi na mtu. Hakuhamia kwa Wakatoliki wala kwa Waislamu ili apate cheo. Angeweza kubaki amekaa mahali pake kanisani kama walivyobaki wengi, jina lake limo kitabuni, na hakuna ambaye angempima moyo. Lakini aliona kwamba kubaki hivyo ni uongo, akaenda kuutengua. Kwa maoni yangu hapakuwa na Mkristo mkweli kuliko yeye Mengo nzima juma lile.

Maneno yake yalimchoma mmisionari mmoja kuliko wengine. George Pilkington alikuwa kijana wa miaka 28, mzaliwa wa Ireland, msomi wa lugha za kale kutoka Cambridge. Alifika Uganda mwishoni mwa mwaka 1890 na kwa muda mfupi akakijua Kiganda kiasi cha kuwashangaza wenyewe. Pamoja na Henry Wright Duta, Mganda, alikuwa katika kazi ya kutafsiri Biblia, kazi iliyokamilika mwaka 1896. Yaani ni mtu aliyeshinda kutwa na Maandiko, akipima kila kitenzi, akitafuta neno la Kiganda la rehema na neno la Kiganda la toba. Na bado alikuwa mkavu. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba baada ya miaka 3 ya umisionari alikuwa amefika mahali pa kuiacha kazi. Kwa hiyo Musa aliposema dini haimfaidii, Pilkington alisikia sauti yake mwenyewe, ila kwamba Musa alikuwa na ujasiri wa kuitamka.

Akachukua kijitabu cha mwinjilisti mmoja Mtamili kutoka Bara Hindi, aliyeitwa David, akapanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Kome katika Ziwa Nyanza, akakaa huko peke yake. (Tuangalie kidogo safari ya kijitabu hicho: Mtamili anaandika, Mwairish anasoma kisiwani katikati ya ziwa letu, Waganda ndio wanaofaidika. Sisi tunaodhani kwamba mambo ya kuvuka mipaka yalianza na ndege tumechelewa sana.) Alichokipata Kome alikieleza kwa maneno machache: alimpokea Roho Mtakatifu kwa imani. Hakueleza ndoto wala sauti.

Tarehe 8 Desemba 1893, aliporudi, ilianza mikutano ya siku tatu pale Mengo. Namna ilivyoanza ndiyo inayonigusa. Wamisionari walitangulia kuungama mbele ya watu wao kwamba wamekuwa wakifanya kazi kwa nguvu zao wenyewe. Wakawasimulia pia habari ya Musa, si kama kichekesho bali kama hukumu juu yao wote. Ndipo mamia ya watu wakaanza kuomba kwa sauti. Musa naye akarudi. Katika mwaka mmoja uliofuata, nyumba za ibada na kusomea nje ya mji mkuu ziliongezeka kutoka kama 20 hadi 200, na walimu Waganda wakasambaa hadi Busoga na kwingineko. Pilkington aliuawa kwa risasi huko Busoga Desemba 1897, katika maasi ya askari wa Kisudani, akiwa na miaka 32.

Kizazi kikapita, na kiangazi kikarudi. Kufikia miaka ya 1920 Kanisa la Uganda lilikuwa limetulia mno. Kanisa kuu la matofali lilisimama juu ya kilima cha Namirembe, limewekwa wakfu mwaka 1919. Machifu walikaa viti vya mbele. Ubatizo ulikuwa mlango wa shule, na shule mlango wa ukarani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda kutangaza kama Musa, kwa sababu kwa wengi hapakuwa tena na tofauti kubwa kati ya kuwamo na kutokuwamo.

Katika mji huo aliishi Simeoni Nsibambi, aliyekuwa na kazi katika idara ya afya ya serikali. Inasimuliwa kwamba alitamani sana kupelekwa kusoma ng'ambo, nafasi wakapewa wengine, naye akabaki na uchungu, mpaka siku moja alipoona kwamba amekuwa akilia kwa ajili ya kitu kilicho kidogo kuliko alichonacho. Huku ughaibuni tumo wengi tuliopata ile nafasi aliyoikosa Nsibambi. Sijui kama yupo aliyewahi kufikiri kwamba kuikosa kungeweza kumfaa.

Mwaka 1929, mwezi wa Septemba, alikutana pale Namirembe na daktari Mwingereza aliyechoka. Joe Church alikuwa na miaka 30. Kituo chake kilikuwa Gahini, mashariki mwa Rwanda, juu ya ziwa Muhazi, na alikuwa ametoka katika njaa kuu ya 1928 hadi 1929 ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu walikufa njiani wakielekea hospitalini kwake. Alikuwa amefanya kila kilichowezekana kwa mikono, na ndani ya nafsi alikuwa ametindika. Alikuja Kampala kupumzika, akiwa amekwisha kuona kwamba shida yake haitaondolewa na usingizi.

Ilikuwa Jumapili. Nsibambi alikuwa amesimama na pikipiki yake karibu na kanisa kuu. Wakazungumza, na kila mmoja akagundua kwamba mwenzake ana kiu ileile. Siku mbili walikaa na Biblia zao, wakifuatilia kila mahali panapotajwa Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Tukumbuke huo ni wakati gani. Mwaka 1929, mzungu daktari na Mwafrika mtumishi wa serikali kukaa kitako pamoja kama wahitaji wawili, hakuna mwalimu na mwanafunzi, halikuwa jambo la kawaida, na wapo wazungu waliolichukia. Wengi wanahesabu siku hizo mbili kuwa mwanzo wa Uamsho wa Afrika Mashariki.

Hapa ndipo wasimulizi wetu hukimbia. Wanatoka Namirembe 1929 na kurukia nyimbo za Tukutendereza na umati wa watu. Ukweli ni kwamba Joe Church alirudi Gahini, na kwa miaka mingi mambo yakawa magumu kuliko mwanzo. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha shule, akiwa na bidii iliyowachosha wenzake. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali, hakuupenda moto huo hata kidogo, mpaka alipotumwa kwa Nsibambi mwaka 1931 na kugeuka moyo akiwa safarini kurudi. Mwishoni mwa Desemba 1933 kukawa na mkutano wa siku kadhaa hapo Gahini. Siku zikapita, mafundisho yakatolewa, na hakuna lililotokea. Ilikuwa mwishoni kabisa, watu wanakaribia kutawanyika, ndipo mmoja wa Waafrika aliposimama na kuanza kuungama dhambi zake, na baada yake mwingine, na mwingine, kwa zaidi ya saa mbili.

Ungedhani basi, mvua imekuja. Lakini mwaka 1935 tunamkuta Blasio Kigozi huyohuyo, sasa ni shemasi, ameona kwamba kazi yake haina uhai. Shule inakwenda, ibada zinakwenda, yeye mwenyewe ndiye aliyekauka. Akajifungia katika nyumba yake ndogo kwa juma zima, akiomba na kusoma. Alipotoka watu waliona tofauti. Septemba mwaka ule alikuwa miongoni mwa viongozi wa mkutano wa Kabale, na kutoka hapo moto ukaingia Kigezi.

Januari 1936 alikwenda Uganda akiwa na mambo matatu ya kupeleka mbele ya Sinodi ya Kanisa. La kwanza lilikuwa swali: ni nini chanzo cha ubaridi na umauti katika Kanisa la Uganda? La pili lilihusu watu wanaoishi katika dhambi ya wazi na bado wanakaribia Meza ya Bwana. La tatu: kifanyike nini ili uhai urudi? Hakuyafikisha. Homa ya papasi ilimwua kabla Sinodi haijakaa. Maswali yake yakasomwa na wengine, na neno lake la Kiganda "Zukuka", yaani amka, likawa neno la maadhimisho ya miaka 60 ya Kanisa mwaka 1937.

Hebu litazame tena lile swali la kwanza. Blasio hakuuliza kwa nini wapagani ni wagumu au kwa nini serikali haitusaidii. Aliuliza kwa nini sisi ni baridi. Ni swali la Musa Yakuganda, limetoka kwa msomaji mmoja likafika kwenye Sinodi, na lilichukua miaka 43.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita haraka. Katikati ya mwaka 1936 Gahini yenyewe ikalipuka. Mwaka 1937 mkutano wa Kabete uliuingiza Uamsho Kenya. Tanganyika uliingia kwa njia ya Katoke na Bukoba, ukavuka kutoka kwa Waanglikana hadi kwa Walutheri wa Buhaya, na mmoja wa waliolelewa nao, Josiah Kibira, akawa askofu na baadaye rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Uingereza nayo ilifikiwa. Mwaka 1947 mwinjilisti Roy Hession aliandaa mkutano wa Pasaka akawaalika wamisionari kutoka Afrika Mashariki wawasemeshe watu wake. Alikuwa mhubiri mashuhuri, na nguvu zilikuwa zimemwishia. Alikaa akisikiliza kama mwenyeji, mpaka akatambua kwamba katika ukumbi ule mhitaji ni yeye, na ya kwamba mkewe ameligundua hilo kabla yake. Kitabu kidogo alichoandika mwaka 1950 kutokana na mambo hayo kimesomwa duniani kote. Mwaka huohuo wa 1947 William Nagenda na Yosiya Kinuka walisafiri wenyewe hadi Uingereza, si kama wanafunzi wala wapishi wa meli, bali kama watu walioitwa kuja kusema.

Sasa nina jambo la kusema ambalo huenda baadhi ya walokole miongoni mwenu wasilipende, na nawaomba radhi mapema. Uamsho ulikuwa na jibu moja kwa kila ukavu: kuna dhambi imefichwa, ilete nuruni. Jibu hilo limeponya wengi. Limewapatanisha wanandoa, limerudisha ng'ombe walioibwa, na wakati wa Mau Mau katika miaka ya 1950 liliwapa Wakikuyu wengi wa Uamsho nguvu ya kukataa kiapo na pia kukataa bunduki ya mkoloni, na wapo walioilipia kwa uhai. Lakini jibu moja likitumiwa kwa kila mgonjwa huanza kuua. Aliyeungama yote na bado ni mkavu afanye nini? Atafute dhambi nyingine. Akikosa, ataitunga. Ndivyo walivyokuja wale waliojiita Bazukufu, yaani walioamshwa tena, walioongozwa na Yona Mondo nchini Uganda, ambao katika miaka ya 1960 na 1970 waliwaona walokole wenzao kuwa wamelala, wakaongeza masharti, miongoni mwake kwamba aliyeokoka asiwe na mkopo. (Kwa sharti hilo, huku tuliko, sijui nani angebaki ndani.) Ushirika ukagawanyika kwa sababu ya kutafuta tena kile kilichohisiwa mwaka 1936.

Kwa hiyo naona ni vema kumweka kando ya watu wa Gahini mtu wa Kanisa jingine kabisa. Mama Teresa wa Kolkata alisikia wito wake tarehe 10 Septemba 1946 akiwa ndani ya treni. Wakati huo alimsikia Mungu kwa karibu sana. Alipoanza tu kazi mitaani, karibu na mwaka 1949, ukaribu huo ukaondoka. Ulimrudia kwa majuma machache mwaka 1958, ukaondoka tena, na kwa yote tunayoyajua haukurudi mpaka kifo chake mwaka 1997. Karibu miaka 50. Barua zake kwa waungamishi wake zilichapishwa mwaka 2007, na watu wengi walishtuka, wengine wakasema kumbe hakuamini. Alikuwa ameungama mara kwa mara maisha yake yote. Hapakuwa na kitu kilichofichwa. Mwaka 1961 padri mmoja, Joseph Neuner, alimsaidia kuona kwamba ile kiu yenyewe, kule kumtamani Mungu asiyehisiwa, ni alama kwamba Mungu hayuko mbali, kwa sababu hakuna anayekufa kiu ya kitu ambacho hakimhusu. Giza halikuondoka baada ya hapo. Ila aliacha kulipigania vita.

Musa Yakuganda aliona kiangazi akaondoka. Pilkington alikwenda kisiwani akarudi na maji. Blasio alipata juma moja la kujifungia na miezi michache ya mvua, akafa. Mama Teresa hakupata mvua, akalima hivyohivyo. Mimi siwezi kuwapanga hawa kwa daraja. Ninachokiona tu ni kwamba wote wanne kuna mtu waliyemwambia. Musa aliwaambia wamisionari, Pilkington aliuambia mkutano, Blasio aliandika swali la Sinodi, Mama Teresa aliandika barua. Na mtunga Zaburi ya 42, yule wa paa anayetafuta mito ya maji, yeye alimwambia Mungu mwenyewe, tena kwa malalamiko, na Kanisa likayaweka malalamiko yale katika kitabu cha nyimbo.

Nimebakiwa na Nsibambi. Alikuwa mzee wa Uamsho wote, lakini afya yake ilidhoofika mapema, na wakati wenzake wakizunguka Kabete, Bukoba na London, yeye alikaa nyumbani miaka mingi, hata zaidi ya 30, mpaka alipofariki mwaka 1978. Wengi wenu mnalijua jina lake kwa sababu ya mwanawe Apolo, aliyekuwa waziri mkuu wa Uganda kuanzia 1999 hadi 2011. Wageni hawakukoma kumfuata mzee huyo nyumbani kwake, wachungaji, wanafunzi, wakubwa wa serikali, na aliyefika kwake hakuulizwa kwanza habari za kazi wala za safari. Aliulizwa habari za roho yake, naye mzee akanyamaza kungoja jibu.